Sarafu ya Kijana Isinunue Picha



Kijana wa miaka 10 hadi 19 hukua kwa kasi. Binti aliyevunja ungo huhitaji madini ya chuma kuliko kaka yake, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Hata hivyo, katika kaya nyingi za kipato cha chini, kijana huondoka asubuhi na chai ya rangi tumboni, na sarafu aliyopewa huishia kwenye kinywaji chenye picha ya embe.

Hatumlaumu mzazi, ugumu wa maisha tunaujua. Tunachoomba ni kwamba sarafu ileile inunue chakula, si picha. Geuzeni chupa, msome viambato. Huorodheshwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Yakitangulia maji na sukari, na embe lisionekane isipokuwa kwa jina la ladha, mmenunua maji ya sukari. Sarafu hiyo ingeweza kununua karanga au ndizi mbivu.

Nyumbani, dagaa, maharage na mchicha vina madini ya chuma. Kamulieni limau, kwani huusaidia mwili kuyafyonza. Chai inywewayo pamoja na mlo huyazuia. Basi na isubiri walau saa moja.

Mkikuta pakiti isiyo na orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi, msiinunue, nasi tupeni taarifa. Kumlinda mlaji ni wajibu wetu. Kuuliza kabla ya kulipa ni haki yenu.