Baiskeli ya Gia: Usimalize Pesa Dukani

Pamba ikishauzwa, wengi wetu huku Bariadi hufikiria baiskeli. Utumie kiasi gani?

Gawa pesa yako mafungu manne. Matatu yanunue baiskeli. La nne libaki nyumbani, la tairi, cheni, breki na fundi. Usimalize pesa yote dukani.

Baiskeli ya gia inavutia, hasa yenye springi mbele na nyuma. Lakini springi za bei rahisi hulegea mapema, na huongeza uzito bure. Kwa pesa hiyo hiyo, chukua fremu imara isiyo na springi ya nyuma. Na kama kazi yako ni kubeba magunia na madumu ya maji, mimi nakushauri baiskeli ya kawaida yenye karia ngumu. Vipuri vyake utavipata hata mnadani.

Kabla ya kulipa, ipindue, magurudumu yatazame juu. Zungusha gurudumu. Angalia ringi inavyopita kwenye breki. Ikiyumba, kataa. Shika pedali, tikisa kushoto na kulia. Ikigonga ndani, kataa. Kama ni ya mtumba, kagua maungio ya fremu. Rangi mpya huweza kuficha ufa.

Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani hujaa kwenye breki na gia. Ioshe siku hiyo hiyo, kausha cheni, tia oili.

Narudia: matatu dukani, moja nyumbani. Muuzaji akitaka hata fungu la nne, muage, nenda duka la pili.