Moyo Ukifa Ganzi



Nianze na aibu yangu. Baada ya tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bunge na risasi zikapigwa, nilikuwa silali. Usiku kucha niko na simu. Kijana kapigwa risasi Nairobi, kisha Gaza, mtoto anatolewa chini ya vifusi, kisha mtu mwingine ametekwa. Nasukuma tu kidole, mpaka adhana ya alfajiri. Najiambia, huku ndiko kuwa macho.

Siku moja jirani akabisha hodi. Mwanawe hajarudi, siku ya pili hiyo. Analia mbele yangu, na wallahi sikuhisi kitu. Nikasema "pole mama," jicho likarudi kwenye simu. Mamangu ndiye aliyevaa buibui akafuatana naye kituoni. Mimi, mtetezi wa haki, nilibaki kitandani.

Nilidhani moyo wangu umekuwa mgumu. Sio. Ulikuwa umechoka. Ukiona maafa mia kwa usiku mmoja na hufanyi lolote, moyo hujifunga ili usizidi kuumia. Na ukishajifunga hauchagui: hauisikii Gaza, haumsikii na jirani.

Tena tujue, huku kusukuma kusikokwisha kumetengenezwa. Mmarekani Aza Raskin, aliyekubuni mwaka 2006, mwenyewe alikuja kusema hadharani kuwa anajuta. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Simu haina. Mwisho ni lazima uuweke wewe.

Sisemi tufumbe macho. Wanaodhulumu wangefurahi sana. Nasema kuona kuwe na kazi. Tazama habari mara mbili kwa siku, kwa saa unayoijua. Simu ilale nje ya chumba. Na dhulma moja ikikuchoma, fanya jambo moja kabla hujaona nyingine: fuatana na familia kituoni, kaa mahakamani kesi ikitajwa, changa hata shilingi 50, muombee dua mtu mmoja kwa jina lake.

Yule kijana alipatikana siku ya nne, alhamdulillah. Mtaa mzima ulitoka kumpokea. Mimi nilisoma habari yake kwenye simu, na nyumba zetu zinapakana ukuta.

Leo usiku, kabla hujaishika simu, bisha mlango mmoja.

Wabillahi tawfiq.