Mtandamboo au Msungu?

Leo tumewaletea matawi mawili. Yapitisheni mkononi, lakini jamani, msiyaonje.

Yote yana maua meupe yenye wekundu kidogo, yananukia vizuri. Majani hukaa mawili mawili, na ukikata tawi latoa maziwa. Matunda yakiiva huwa meusi. Hata makao ni mamoja: vichaka vikavu, penye mawe, kama vilimani kwetu Ukambani. Sasa mtoto mchunga mbuzi atajuaje?

Atafute miiba. Tawi la kwanza linayo, migumu, mingine imegawanyika mara mbili. Huu ni mtandamboo, yaani mukawa. Wamaasai huuita olamuriaki. Matunda yake tumekula tangu utotoni. La pili halina mwiba hata mmoja. Huu ni msungu, kivai, wa kupaka mishale. Sumu yake hushika moyo.

Tena kuna mizizi. Sisi tunaotia mzizi wa mtandamboo katika supu ya mbuzi, tuchimbe wenyewe, huku shina lenye miiba tunaliona. Mzizi uliokwisha kukatwa hauna mwiba wa kuutambulisha. Ukiletewa huo, hata na jirani, usiutie chunguni.