Wimbo Niupendao na Wimbo wa Kanisa

Jumapili ya 24 ya Mwaka A
Masomo: YbS 27:30–28:7, Rum 14:7-9, Mt 18:21-35



Katika somo la pili la leo Mtume Paulo anatukumbusha kwamba hakuna hata mmoja wetu aliye mali yake mwenyewe, katika uzima wala katika kufa. Sisi sote tu wa Bwana. Maneno hayo tumezoea kuyasikia penye mazishi, nasi hudhani kwamba Paulo alikuwa akizungumza juu ya kifo tu. Lakini fungueni Biblia zenu nyumbani, msome sura hiyo ya 14 tangu mwanzo wake. Mtaona kwamba Mtume alikuwa akiamua ugomvi wa Wakristo wa Roma juu ya vyakula na sikukuu. Mmoja alikula kila kitu, mwingine alikula mboga tu. Mmoja aliitukuza siku fulani, mwenzake aliona siku zote kuwa sawa. Aliyekula alimdharau asiyekula, na asiyekula alimhukumu aliyekula. Katikati ya ugomvi mdogo namna hiyo Paulo aliweka neno kubwa namna hii.

Leo, ndugu zangu, hatugombani sana juu ya mboga. Tunagombana juu ya nyimbo.

Nani kati yetu hajausikia ugomvi huo? Misa imekwisha, watu wako nje ya kanisa. Mzee mmoja anasema, “Leo hatukusali, tumepigiwa ngoma tu.” Hatua chache kutoka hapo kijana anasema, “Leo tumeimbishwa kama watu wa matanga, nusura tusinzie.” Wote wawili wametoka katika Misa ile ile, wamepokea Mwili ule ule wa Kristo. Mmoja anapenda nyimbo za Kilatini na zile za vitabu vya zamani, zikisindikizwa na kinanda. Mwingine anapenda ngoma, kayamba na vigelegele. Wa tatu anataka sauti nne zilizopangwa vizuri, na wa nne anataka kimya ili asali moyoni.

Niungame kwenu kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa padre mpya, nilipewa kazi katika parokia moja ya mashambani. Palikuwa na kwaya ya vijana, na palikuwa na kikundi cha akina mama wazee walioimba nyimbo za zamani, tena polepole, wakilivuta kila neno. Mimi niliwapenda vijana. Jumapili moja nikasema mbele ya waamini wote kwamba nyimbo za akina mama wale zimepitwa na wakati, na kwamba Mungu hapendi kusifiwa kwa usingizi. Watu wakacheka. Tangu Jumapili iliyofuata, bibi mmoja aliyekuwa akizianzisha nyimbo zile akakaa kiti cha nyuma, akafunga mdomo wake.

Ikapita miaka miwili. Nikaitwa kumpelekea Komunyo Takatifu akiwa mgonjwa kitandani. Alipokwisha kupokea, akaniomba tuimbe pamoja wimbo wake mmoja wa shukrani. Mimi nilijua ubeti wa kwanza tu. Yeye, ambaye hakujua kusoma, aliendelea peke yake mpaka ubeti wa sita, kwa sauti ya kukatika, bila kukosa neno. Nikatambua kwamba wimbo ule ulikuwa kitabu chake cha sala, na katekisimu yake pia. Nikamwomba msamaha. Akanijibu, “Padre, nilikwisha kukusamehe siku ile ile. Ila nilitamani sana kuimba pamoja na watu.”

Neno lile halijaniacha hata leo. Nilikuwa nimemtenga na watu, tena kwa jina la Mungu, kumbe sababu ilikuwa masikio yangu tu.

Mtaniuliza: Je, Kanisa halina sheria juu ya muziki? Linazo, na ni vema makatekista wazijue. Hati ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ina sura nzima, ndiyo ya sita, juu ya muziki mtakatifu. Namba 116 yafundisha kwamba wimbo wa Kigregoriani ndio hasa wimbo wa liturujia ya Kiroma, nao upewe nafasi ya kwanza mambo mengine yakiwa sawa. Lakini aina nyingine za muziki mtakatifu hazikatazwi. Namba 119 yakumbusha kwamba katika nchi za misioni yako mataifa yenye muziki wao wenyewe, ulio na nafasi kubwa katika dini na maisha yao. Muziki huo nao upewe heshima yake. Namba 120 yakitukuza kinanda cha mabomba, kisha yaruhusu na vyombo vingine, kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa matumizi matakatifu.

Sasa angalieni tunavyofanya. Mpenzi wa Kilatini huishika namba 116 na kuiacha 119. Mpenzi wa ngoma huishika namba 119 na kuiacha 116. Kila mmoja ameokota fimbo ya kumpigia mwenzake, katika hati ambayo Kanisa liliwapa wote wawili.

Wako Waafrika walioifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Mwaka ule ule wa 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Wabantu. Huko Uganda, Joseph Kyagambiddwa, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya muziki wa kwao mwaka 1955, alitunga kazi kubwa ya nyimbo kwa heshima ya Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Watu hao walijifunza na kuchunguza kwanza. Hawakusema tu, “Mimi napenda hivi.”

Basi, yako mambo ambayo si ya kupenda wala kutopenda. Maneno ya wimbo yakipingana na imani, wimbo huo uondolewe, hata kama sauti yake ni tamu. Mtaguso wataka maneno yalingane na mafundisho ya Kanisa, yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika liturujia. Zaburi inayofuata somo la kwanza ni Neno la Mungu. Tusiiondoe na kuweka mahali pake wimbo wowote tunaoupenda. “Mtakatifu” ni wa waamini wote pamoja na padre. Kwaya isiufanye mali yake, watu wakabaki watazamaji. Hayo tuyashike sote. Lakini kuimba polepole au upesi, kwa kinanda au kwa kayamba, wimbo wa babu au wimbo wa mjukuu, maadamu umeruhusiwa na unalifaa tendo takatifu linalofanyika, hayo ndiyo mboga za Warumi. Hapo mmoja asimdharau mwenzake, wala mwenzake asimhukumu.

Mtakatifu Augustino alipenda nyimbo kuliko wengi wetu. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia jinsi alivyotokwa machozi aliposikia nyimbo za Kanisa la Milano, siku zile alipobatizwa, mwaka 387. Lakini baadaye katika kitabu hicho hicho ajichunguza. Akiri kwamba mara nyingine sauti humgusa kuliko maneno yenyewe yanayoimbwa, na kwamba hapo anakosa. Alisitasita sana. Kuna wakati alitaka nyimbo tamu ziondolewe kabisa kanisani. Kisha akayakumbuka machozi yale ya mwanzo, akakubali desturi ya kuimba iendelee. Augustino hakuipima kwaya. Aliupima moyo wake. Nasi tujiulize: Jumapili iliyopita, nilipokasirika kwa sababu ya wimbo, je, nilikasirika kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili yangu?

Katika Injili ya leo, mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi alimkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia. Sisi tumesamehewa deni letu kwa damu ya Mwana wa Mungu, nasi twashindwa kumvumilia ndugu yetu beti tatu za wimbo!

Ninawaomba mambo matatu wiki hii. Kwanza, ninyi viongozi wa kwaya: kabla ya kuchagua nyimbo, keti pamoja na katekista, someni masomo ya Jumapili, ndipo mchague, na kila Jumapili uwepo wimbo mmoja walau ambao wazee wanaujua kwa moyo, na mmoja ambao vijana wanauimba kwa furaha. Pili, ninyi waamini: ukianzishwa wimbo usioupenda, fungua kinywa chako uuimbe, kwa ajili ya yule aliye karibu nawe anayeupenda. Hiyo nayo ni sadaka, nawe waweza kuileta altareni pamoja na mkate na divai. Tatu, sisi mapadre na makatekista: tusiudhihaki kamwe wimbo wa mtu mbele ya watu. Hatujui ni sala ngapi zimehifadhiwa ndani yake.

Usiku ule kabla ya kuteswa, Bwana wetu aliimba pamoja na wanafunzi wake, kisha wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Alijua kwamba muda si mrefu mmoja wao angemkana, na wengine wangekimbia. Hata hivyo aliimba pamoja nao. Basi atujalie nasi kuimba na ndugu zetu hapa duniani, tupate kuimba nao mbinguni, ambako hakuna atakayeuliza ni nani aliyeuchagua wimbo.

Tumsifu Yesu Kristo. Amina.