Kanuni Isiyo na Adhabu



Tarehe 14 Agosti, 2003, katika jimbo la Ohio, Marekani, nyaya kubwa za umeme ziligusa miti iliyoachwa kurefuka, zikazimika moja baada ya moja. Watu wapatao milioni 50 wa nchi hiyo na Kanada wakakosa umeme. Kanuni za kuzuia msiba huo zilikuwapo, lakini kampuni zilizifuata kwa hiari. Mwaka 2005 sheria mpya ikaamuru zishurutishwe, na faini ifike hata dola 1,000,000 kwa kila siku ya kosa.

Sisi tushikao daftari twajua ya kuwa amri isiyo na mkaguzi wala adhabu ni ombi tu. Basi tudaipo umeme wa hakika, na tuulize: giza likiingia, nani huliandika, na nani hutozwa?