KARATASI SAFI NA JENGO BOVU
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi



Jambo lililotuleta ni ile karatasi iliyofika ofisini kwa chama wiki mbili zilizopita. Kampuni moja ya Ulaya, ambayo mizigo yake hupita mikononi mwetu, imeleta maswali 40 juu ya usalama, maji, moshi, mishahara na chama. Ukurasa wa mwisho una nafasi ya saini ya mwakilishi wa wafanya kazi, kuonyesha kwamba tumeulizwa na tumeridhika. Wengine wenu mmesema tutie saini upesi, maana hawa wageni wataka kutusaidia. Wengine mmesema tuichome moto. Sisi wa kamati tumeona kwanza tutafute habari za mambo haya huko yanakotoka.

Basi, huko Ulaya mambo ni hivi. Mwaka 2017 Ufaransa ilitunga sheria ya kuzilazimisha kampuni kubwa kuchunguza madhara yanayofanywa na kazi zao, hata katika nchi za mbali, na kuandika mpango wa kuyazuia. Ujerumani ikatunga yake mwaka 2021, nayo ikaanza kazi mwaka 2023. Kisha Umoja wa Ulaya wenyewe ukatoa sheria mbili. Ile ya mwaka 2022 yataka kampuni kubwa zitoe kila mwaka hesabu ya hewa, maji na watu wao, kama wanavyotoa hesabu ya fedha. Ile ya mwaka 2024 yataka wasahihishe madhara yenyewe, hata kwa wale wanaowauzia mali. Waajiri wa huko walilalamika kwamba karatasi zimekuwa nyingi mno, na mwezi wa Februari 2025 wakubwa wa Umoja huo wakapendekeza sheria hizo zipunguzwe. Mwezi wa Aprili tarehe zikasogezwa mbele.

Kwa maoni yetu malalamiko hayo si uwongo mtupu. Karatasi ni nyingi kweli, na wako watu wanaokula mshahara mnene kwa kuzijaza tu. Lakini karatasi zikiwa nyingi au chache, swali letu ni lile lile: je, yule aliye chini ya paa bovu amepata nafuu?

Sisi watu wa reli jambo hili tunalijua kuliko wengi. Kabla treni haijaondoka breki hupimwa, na cheti huandikwa. Cheti hicho ni kizuri, na hakuna dreva mwenye akili atakayeondoka bila hicho. Lakini mteremkoni kinachoshika gurudumu ni breki. Mtu akiandika cheti akiwa ameketi ofisini na chai yake, bila kutembea kutoka behewa la kwanza hata la mwisho, ameandika hukumu ya kifo cha wenzake.

Sasa sikilizeni habari ya mji wa Karachi, Pakistan. Kulikuwa na kiwanda cha nguo kiitwacho Ali Enterprises, na mnunuzi wake mkubwa alikuwa KiK, kampuni ya Ujerumani. Mwezi wa Agosti 2012 kiwanda hicho kilipewa cheti cha kimataifa cha kazi njema, kupitia kampuni ya ukaguzi ya Italia. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kiliungua. Madirisha yalikuwa na vyuma, milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, na watu zaidi ya 250 walikufa. Cheti hakikuwa na umri wa miezi miwili. Mwaka 2020 mahakama ya Pakistan iliamua kwamba moto ule uliwashwa kwa makusudi. Sawa. Lakini mwenye kuwasha moto siye aliyefunga milango, na mkaguzi alipita hapo.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, likaanguka. Lilikuwa na ghorofa 8, na ndani yake viwanda vya kushonea nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini washonaji waliambiwa warudi mashinini. Walikufa 1,134. Ndugu zetu, tazameni jambo hili: wafanya kazi waliona ufa kwa macho yao, na baadhi yao walikataa kuingia, wakashurutishwa. Hawakukosa mkaguzi. Walikosa chama cha kusimama mlangoni na kusema hapana.

Baada ya msiba huo ndipo kitu kipya kikatokea, na hapa twaomba msisinzie. Mwezi wa Mei 2013 vyama viwili vya wafanya kazi vya dunia, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh, vilifanya mapatano na wenye maduka. Zaidi ya kampuni 200 zikatia saini, H&M na Inditex zikiwamo. Mapatano hayo hayakuwa ahadi ya hiari. Yalikuwa na nguvu ya sheria, na katika baraza lake vyama vilikuwa na viti sawa na vya kampuni. Wahandisi wasio watu wa mwenye kiwanda walikagua viwanda zaidi ya 1,600, na ripoti zao zikatolewa wazi apendaye asome. Mfanya kazi alipewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari. Mnunuzi alilazimika kuhakikisha kwamba fedha za matengenezo zinapatikana, na aliyekaidi aliweza kushtakiwa. Kesi mbili zilipelekwa mbele ya waamuzi huko The Hague, na mwaka 2018 kampuni moja ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2. Milango ya moto ikatiwa, nguzo zikaimarishwa. Mwaka 2023 mapatano ya namna hiyo yakaanza Pakistan pia.

Hatutawadanganya kwamba wamefika peponi. Mapatano yale ni ya moto na majengo, si ya mshahara. Mwaka 2023 washonaji wa Bangladesh walidai taka 23,000 kwa mwezi, wakapewa 12,500, na wengine walikufa katika ghasia za madai hayo. Mtu aweza kuokolewa na moto akabaki na njaa.

Ulaya kwenyewe vile vile karatasi imedanganya. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen imetia katika magari yapata milioni 11 hila ya mashine iliyolifanya gari litambue kwamba linapimwa. Likipimwa, moshi safi. Likirudi barabarani, sumu. Msicheke sana. Katika karakana moja tunayoijua, siku ya mgeni mkubwa barakoa za vumbi zilitolewa stoo, mpya, ndani ya karatasi zake, na kila mtu akavaa. Saa kumi mgeni alipoondoka zikakusanywa, zikahesabiwa, zikarudishwa stoo. Mzee mmoja wa karakana hiyo akikohoa leo mwasikia wenyewe.

Lakini sheria zikishikwa na watu zaweza kuuma. Huko Ufaransa chama cha wafanya kazi wa posta kiliishtaki La Poste kwa sababu mpango wake wa kuzuia madhara ulikuwa maneno ya jumla tu. Mwezi wa Desemba 2023 mahakama ya Paris iliamuru mpango huo utengenezwe upya, na mwaka 2025 mahakama ya rufani ikakubali.

Na wenzetu wa uchukuzi: mwaka 2023 madreva wa malori kutoka Georgia na Uzbekistan, wenye mwajiri wa Poland, walisimamisha malori yao kwenye kituo cha mapumziko cha Gräfenhausen, Ujerumani, kwa kunyimwa mishahara. Mwajiri alikuja na walinzi na gari la chuma; polisi wakawakamata walinzi, naye pia. Madreva hawakusogea, na mwisho wa Aprili walilipwa. Mwezi wa Julai wengine wakasimama tena, na wengine wao wakafikia kukataa chakula, hata Septemba fedha zikapatikana. Ofisi ya serikali inayosimamia ile sheria mpya ilikuwa imeanza kuwauliza wenye mizigo: mwajua ni nani anayewachukulia mali yenu, na analipwa nini? Sheria ilikuwapo tangu Januari. Haikuamka mpaka malori yaliposimama.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Kamati imeketi mara mbili, na hapakuwa na nia moja mwanzoni. Ndugu mmoja alihofia kwamba tukikataa, mizigo itapelekwa kwingine na vijana wa vibarua ndio watakaoumia kwanza. Hofu hiyo ni ya haki, maana ana wanne nyumbani wanaomtegemea, nasi hatukumcheka. Kwa hiyo hatutaichoma. Tumemwagiza Katibu ajibu kwamba saini itawekwa baada ya mambo matatu. Mkaguzi akutane na wafanya kazi ndani ya ukumbi huu bila msimamizi. Aje siku nyingine tena bila kutangaza. Na nakala ya ripoti yake ibandikwe ubaoni kwa Kiswahili, pamoja na jina la mwenye kulipia matengenezo na tarehe ya kuyamaliza.

Kila sehemu ichague watu wawili wa kusema na mkaguzi, na mmoja kati ya hao wawili awe kibarua. Majina yafike kwa Katibu kabla ya Ijumaa saa kumi. Watu wa karakana, andikeni pia ni lini mara ya mwisho mlipopewa barakoa, na nani alizichukua.