Kiti cha Heshima na Lango la Hekalu



Katika kuadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, tumeona vema kumkumbuka K. R. Narayanan, Rais wa 10 wa India, aliyekalia kiti hicho tangu 1997 hadi 2002.

Alizaliwa Uzhavoor, katika nchi ya Travancore, kwa wazazi Wadalit, watu waliohesabiwa kuwa najisi. Utotoni mwake tabaka lake halikuruhusiwa kuingia katika mahekalu makuu ya nchi ile. Milango ilifunguliwa kwa amri ya Maharaja mwaka 1936, naye akiwa kijana. Elimu ndiyo iliyompandisha: Chuo Kikuu cha Travancore, kisha London, kisha ubalozi hadi Beijing na Washington. Mwaka 1984 jimbo la Ottapalam lilimpeleka Bungeni. Akawa waziri, na mwaka 1992 Makamu wa Rais.

Rais wa India hutenda kwa ushauri wa mawaziri. Katiba yamruhusu kuwarudishia shauri mara moja tu, walitafakari upya. Mwaka 1997 walipotaka serikali ya jimbo la Uttar Pradesh iondolewe, aliwarudishia, nao wakaacha. Mwaka 1998 alifanya vivyo hivyo kuhusu Bihar. Walipolileta tena mwaka uliofuata, aliridhia, maana ndivyo Katiba ilivyoagiza. Alisema neno lake, wala hakuvuka mpaka wake. Cheo ni dhamana. Na katika uchaguzi wa 1998 alipanga foleni kupiga kura kama raia yeyote.

Ndugu zetu, nasi tujipime. Wazee wetu walivuka bahari na mizigo michache, lakini tabaka hawakuliacha ufukweni. Twakumbuka miaka ambayo waliofagia ua huu walipewa prasadi yao nje ya lango. Hapakuwa na amri iliyoandikwa. Tuliona, tukanyamaza.

Kwa hiyo twaomba jambo moja. Katika karamu ya leo, wanaofagia ua na wanaolinda lango waketi nasi katika safu moja, na wajumbe wa kamati wawe wa kwanza kuwapakulia. Na iwe hivyo kila mwaka, hata sisi tutakapokuwa hatupo.